Fielder, Wingroad, Probox au Legacy: ipi itakufikisha Moshi mgongo ukiwa mzima?

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: tafuta Toyota Corolla Fielder ya 1.8, lile umbo lililotoka 2006 hadi 2012. Ukiikosa kwa bei yako, chukua Nissan Wingroad nzima kuliko Fielder iliyochoka. Probox achana nayo kama nyuma watakaa watu. Subaru Legacy ndiyo laini kuliko zote, ila ina masharti yake na si kila mfuko unayaweza. Mwenye muda aendelee kusoma, maana dalali akishakuita "bosi" na kukuonyesha gari la tano ambalo hukulifikiria, jibu peke yake halitakusaidia kitu.

Msomaji ninayemfikiria ana shilingi milioni 15 za kila kitu, matengenezo ya mwanzo yakiwemo. Anaishi Dar, ana watoto wawili na bibi yao, na Desemba lazima apande Moshi, Iringa au Mbeya na mabegi, kisha arudi na gunia la viazi. Buti ya sedani haimtoshi. Noah ingemtosha, lakini Noah nzima iko juu ya uwezo wake.

Kwa fedha hiyo, kuagiza mwenyewe kutoka Japani ni kujitafutia presha. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na gari likishazeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu. Ingiza gari lolote kwenye kikokotoo cha TRA uone kodi inavyolifukuzia bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo tunazungumzia magari ambayo tayari yapo mjini, yenye namba C au D, yaliyopita mkononi mwa mtu mmoja au wawili. Ndugu zetu wa Kenya hali ni hiyo hiyo kwa njia nyingine: kwao gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa, kwa hiyo Fielder ninayoisifia hapa nao wanaipata kwa kununuliana wenyewe kwa wenyewe.

Siti ya nyuma kwanza

Ukifika kwenye yadi unapewa ufunguo ukae kwa dereva. Kwa gari la familia, hiyo ndiyo siti ya mwisho kuipima. Mwachie fundi wako usukani, wewe kaa nyuma, mpite mtaa wenye mashimo na barabara yenye rasta. Hapo ndipo magari haya manne yanapoachana, na yanaachana kwa sababu ya kazi ambayo kila moja lilitengenezewa huko Japani.

Probox ilitoka Julai 2002 kama gari la ofisi: fundi wa simu, muuza vipuri, msambazaji wa vipodozi. Japani gari likitaka kusajiliwa kama la mizigo, eneo la mzigo halitakiwi kuwa dogo kuliko la abiria. Ndiyo maana siti ya nyuma ya Probox imesukumwa mbele, imekuwa nyembamba, na mgongo wake umesimama wima kama benchi la kanisani. Ilitengenezwa ikunjwe; mtu kukaa ni jambo la dharura. Tairi zake ni za LT, zile za magari ya mzigo, zenye kuta ngumu na zinazotaka upepo mwingi. Springi nazo zimepangwa kwa mzigo wa kilo 400 watu wakiwa wawili, au 250 wakiwa watano. Ukipita rasta gari likiwa tupu, nyuma inarukaruka. Pakia saruji, inatulia kabisa. Heshima ambayo gari hili linapata kwa wabeba miraa wa Meru na kwa madereva wa michomoko huku kwetu, yale magari madogo yanayobeba abiria kienyeji, ni ya haki, gari halifi. Lakini bibi haulizi kama gari linakufa, anauliza Same ni mbali kiasi gani. Na hakuna shokapu, hata ziwe mpya, zitakazoponya siti iliyochorwa kwa ajili ya katoni.

Upande wa pili kabisa kuna Legacy. Nazungumzia umbo la BP, lililotengenezwa 2003 hadi 2009, ambalo lilipotoka lilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 2003–2004. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2670, wakati Fielder na Wingroad zina 2600. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Kubwa iko chini ya buti: kila tairi la nyuma la Legacy linajitegemea na mikono yake kadhaa. Kwenye Fielder na Wingroad matairi mawili ya nyuma yameunganishwa na boriti moja, kwa hiyo shimo analoingia wa kushoto linamfikia na wa kulia. Barabara ya Segera kwenda Korogwe utaihisi tofauti hiyo hata ukiwa umefumba macho. Siti za Legacy ni pana, zina povu zito, na gari lina upana wa milimita 1730, kwa hiyo watatu nyuma hawagombani mabega kama kwenye hizo nyingine zilizobanwa chini ya 1700 ili zisivuke daraja la magari madogo huko Japani.

Legacy ina dosari moja ya starehe ambayo watu huigundua baadaye. Milango ya umbo la BP haina fremu ya kioo. Mipira ikizeeka, upepo unaanza kupiga filimbi ukifika kasi ya 90, na vumbi la barabara ya kijijini linaingia. Umbo lililofuata, la 2009, liliweka fremu. Unapokagua BP pitisha kidole kwenye mipira yote minne, na kama imekauka na kupasuka iweke kwenye hesabu ya kupunguziwa bei.

Fielder iko katikati, na katikati yenyewe imekaa vizuri. Siti ya nyuma ni ya abiria kweli, ina kina cha kutosha kushika mapaja. Tairi zake za kiwandani, 195/65 kwa rimu ya inchi 15, zina kuta ndefu zinazomeza mashimo madogo kabla hayajafika kwenye shokapu. Hapa ndipo vijana wanapoiharibu: wanatoa rimu za 15, wanafunga za 17 zenye tairi kama mkanda wa suruali, halafu wanaweka spesa kuinua gari. Ukikuta Fielder ya namna hiyo, omba rimu za asili. Asipokuwa nazo, endelea na safari yako.

Kuna jambo hapa ambalo litawaudhi wenye yadi. Fielder mpya zaidi, la umbo la 2012 kuendelea, linauzwa bei ya juu kwa sababu ya sura. Lakini Toyota walilijenga juu ya jukwaa la magari ya kundi la Vitz. Ni jepesi, linakula kidogo, na toleo la haibridi lililoanza 2013 linapendwa na madereva wa teksi za mtandaoni. Kwa safari ndefu yenye watu watano, sioni starehe ambayo limeongeza juu ya lile la zamani. Unalipia mwaka na taa.

Wingroad ninayoizungumzia ni ya umbo la Y12, lililoanza 2005. Kwa sura haijapata bahati. Ule mgongo wake una kitu cha jeneza, tuseme ukweli. Ndani hali ni nyingine. Matoleo mengi yana siti ya nyuma inayosogea mbele na nyuma, na mgongo unaolala kidogo. Ukiisogeza nyuma kabisa, mtu mrefu anakunja nne. Siti za mbele ni laini kuliko za Fielder, laini mno kwa wengine, maana baada ya saa nne kiuno kinaanza kuzama. Kelele za barabara zinaingia zaidi, na plastiki za dashibodi huanza kugonga mapema. Ila kwa sababu watu wanaiogopa, bei yake iko chini ya Fielder ya mwaka ule ule, na hiyo nafuu inaweza kununua shokapu nne, bushi zote na tairi nne mpya. Wingroad iliyofanyiwa hayo inabembeleza abiria kuliko Fielder ambayo mmiliki alimaliza fedha siku ya kununua.

Soma kibati kabla ya kusikiliza hadithi

Magari haya yana kibati chenye msimbo wa modeli, na herufi zake hazijui kudanganya. Probox na ndugu yake Succeed ikiandikwa NCP51V, hiyo V ya mwisho ni ya gari la mzigo. Lakini kuna chache zilizoandikwa NCP58G. Hizo zilitoka kama gari la abiria, siti ya nyuma ni nene, tairi ni za kawaida. Kama moyo wako umeshaganda kwenye Probox, tafuta hiyo G, hasa kwenye Succeed ambayo nyuma yake ni ndefu kidogo. Ukiipata umenipinga kwa haki.

Kwa Nissan ni vivyo hivyo. Wingroad ya 1.5 ni Y12, ya 1.8 ni JY12. Ukiona VY12 hiyo ni Nissan AD, gari la mzigo lenye uso unaofanana na Wingroad, na wapo wanaokuuzia AD kwa jina la Wingroad bila aibu.

Fielder NZE141G ni ya 1.5 inayovuta mbele, ZRE142G ni ya 1.8. Zile za kuishia na 144 ni za kuvuta matairi yote manne, ambazo kwa mtu wa Dar ni uzito wa bure, ingawa anayepanda Lushoto au Rungwe wakati wa masika anaweza kunicheka. Legacy BP5 ni 2.0, BP9 ni 2.5, BPE ni ya silinda sita.

Mlimani, na pampu ya mafuta

Injini ya Fielder 1.5 ni 1NZ yenye cc 1496, ile ile iliyomo kwenye Probox, IST na Vitz za 1.5. Mjini haina neno. Lakini weka watu watano, buti imejaa, kiyoyozi kimewashwa, kisha panda Kitonga nyuma ya lori la shaba. Injini inalia, gari haliongezi mwendo, na kulipita lori kunakuwa maombi. Wingroad 1.5 haina tofauti. Hapo ndipo 1.8 inapojilipa: kwa Tanzania gari la 1.5 na la 1.8 ziko daraja moja la ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, wakati Kenya mstari unapita kwenye 1500 na kuwatenganisha. Legacy 2.0 inapanda bila kelele, ingawa ni nzito.

Mafuta nitayapita haraka kwa sababu watu huyazungumza kuliko yanavyostahili. Kwa mwendo wa kistaarabu barabara kuu, Fielder na Wingroad hutembea kilomita 14 hadi 16 kwa lita, na Legacy 2.0 kati ya 10 na 11. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550, kwa hiyo Legacy itakula lita 16 hivi zaidi. Zidisha kwa bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA mwezi huo. Kwa safari mbili za mwaka si kitu cha kukunyima usingizi. Kinachoumiza ni foleni. Anayetembea kilomita 50 kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, huku Legacy ikimpa 7 au 8 mjini na Fielder ikimpa 10 au 11, mwisho wa mwezi anaachana na lita 40 hivi za ziada. Huyo Legacy si yake, hata apewe kwa bei ya kutupa.

Giaboksi, na wanaoiua

Wingroad inaogopwa kwa sababu ya giaboksi ya CVT, ile inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Fielder nyingi za umbo hili nazo zina CVT, lakini hilo halisemwi, kwa kuwa Toyota husamehewa mapema. CVT ya Nissan kweli haivumilii kupuuzwa. Lakini nyingi zinazokufa hapa mjini zinauawa na oili. Inataka oili maalumu ya CVT iitwayo NS-2, na gereji ya uchochoroni inamimina ATF nyekundu ya gia ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo. Mkanda wa chuma ndani unaanza kuteleza, gari linatetemeka likiondoka, baada ya muda linakataa kurudi nyuma. Muulize mmiliki aliweka oili gani na lini. Akijibu "ile ya kawaida tu kaka," umepata jibu lako.

Jinsi ya kuipima: fika asubuhi injini ikiwa ya baridi, na mwambie mapema asiiwashe kabla hujafika. Weka rivasi, sikiliza kishindo. Ondoka taratibu kwenye mwinuko bila kukanyaga sana. Ikitetemeka kama inayoshikwa na kuachiwa, shukuru na uondoke. Kisha endesha nusu saa na kiyoyozi, maana nyingine hujificha mpaka zipate moto.

Legacy 2.0i ya BP ina gia ya kawaida ya spidi nne, ya kizamani na ngumu kufa. Masharti yake yako kwingine. Injini zake za 2.0 na 2.5, za familia ya EJ, zinatumia mkanda wa taimingi, si cheni kama 1NZ na HR15 ya Wingroad, na mkanda huo hubadilishwa kwa kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Kwa hiyo Legacy isiyo na ushahidi wa mkanda kubadilishwa, ihesabu kuwa haujabadilishwa, na upige bei ya mkanda, rola na pampu ya maji kwa pamoja, maana mafundi wanafungua sehemu ile ile. Ile 2.5, yaani BP9, ina sifa ya kuvujisha gasketi ya silinda hedi. Angalia kama maji yanapungua na kama rejeta ina mapovu. Yenye turbo, GT, mwachie kijana asiye na watoto.

Sharti la mwisho la Subaru ndilo watu hulidharau: inavuta matairi yote manne muda wote, kwa hiyo yanatakiwa yalingane. Kubadilisha mawili mapya na kuacha mawili yaliyolika ni kuipa giaboksi kazi ya kupigana na barabara kila mita. Kwenye Subaru tairi hununuliwa nne kwa mpigo.

Kuhusu spea, kwenye maduka ya Gerezani hapa Dar utapata kila kitu cha 1NZ kabla hujamaliza kutamka jina, kipya, cha mtumba na cha bandia. Vya HR15 vipo vizuri, kwa sababu Tiida na Note zinatumia injini hiyo. Vya Legacy vipo, lakini unapiga simu kwanza, na mikoani unasubiri basi la usiku. Ukienda kununua shokapu chukua fundi anayejua shokapu halisi za chapa ya KYB, maana boksi la KYB ni rahisi kulipata kuliko shokapu yake.

Fedha igawanywe vipi

Katika hiyo milioni 15, gari lisizidi 12. Tatu zibaki kwa shokapu, bushi, mauntingi za injini, tairi, oili zote na fundi wa viti. Fundi wa viti anasahaulika sana. Siti ya dereva ya gari la miaka 15 imebonyea upande wa mlangoni, na povu jipya ni gharama ndogo kwa nafuu ambayo kiuno kinapata. Watu wengi hulaumu springi kwa kosa la povu.

Kilomita kwenye dashibodi zisikutishe wala zisikufurahishe, zimesharudishwa kwenye magari mengi. Tazama usukani uliong'aa, pedali ya breki iliyolika na kitasa cha mlango wa dereva. Probox yenye alama za boliti sakafuni nyuma ilikuwa mchomoko, mtu aliongeza siti.

Sasa, nani achukue ipi. Anayeendesha kila siku mjini na kusafiri mara mbili kwa mwaka achukue Fielder, ya 1.8 kama ipo, ya 1.5 kama nyuma ni watoto tu. Anayekaa mkoani, hana foleni, ana fundi wa Subaru anayemwamini na anaweza kutoa fedha ya mkanda siku ya kwanza, Legacy 2.0i itamfurahisha kila akiingia barabarani, na akiwa na njia mbaya ya kufika nyumbani kuna Outback, ambayo ni Legacy hiyo hiyo iliyoinuliwa, ila aangalie asiangukie 2.5 yenye gasketi iliyochoka. Mwenye duka anayebeba mzigo siku sita na familia Jumapili achukue Probox bila kuona haya.

Waliobaki, na hao ni wengi kuliko wanavyokubali, ni wa Wingroad. Nenda na fundi anayeijua CVT, lipa bei yake ndogo, mwaga oili ya giaboksi wiki ile ile uweke NS-2. Ukija kuuza utapoteza muda kumpata mnunuzi, hilo lijue kabla. Na ukikuta Wingroad JY12 ya 1.8 na Fielder ya 1.5 zina bei sawa na hali sawa, mwulize bibi akae nyuma ya zote mbili, halafu umsikilize yeye.